Rooivalk: Helikopta ya Kivita Iliyosubiri Vita Miaka 28

Haya ni maneno niliyoyasema Morogoro mbele ya wanafunzi wa ufundi wa ndege, walimu wao na baadhi ya askari wetu wastaafu. Nimeyaandika yote kwa ajili ya waliotaka kuja wakashindwa. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha.

Wazee wetu mliowahi kuvaa sare za nchi hii, shikamooni. Walimu, asanteni kwa kunialika. Na ninyi vijana mliokaa mpaka kule dirishani, hamjambo?

Nianze na tarehe moja. 4 Novemba 2013. Mahali ni vilima vya Chanzu, Kivu Kaskazini, pale ambapo Kongo inapakana na Rwanda na Uganda. Waasi wa M23 wamebanwa kwenye vilima vyao vya mwisho. Jeshi la Kongo linapanda, na nyuma yake ipo brigedi maalumu ya Umoja wa Mataifa yenye wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, inayoongozwa na Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Siku hiyo zinatokea angani helikopta nyembamba, zenye viti viwili vya kufuatana mbele na nyuma. Zinafyatua roketi. Kesho yake, tarehe 5, M23 wanatangaza kwamba uasi wao umekwisha.

Helikopta hizo zinaitwa Rooivalk, yaani kipanga mwekundu kwa Kiafrikana. Roketi zile za Chanzu zilikuwa za kwanza kabisa kwa Rooivalk kumpiga nazo adui, mahali popote duniani. Sasa nawauliza wanafunzi: helikopta hii ilianza kujaribiwa lini? Mwaka 2010? Mwaka 2000? La. Chombo cha kwanza katika ukoo wake kiliruka tarehe 3 Februari 1985. Hesabuni wenyewe. Miaka 28 na miezi 9.

Miaka hiyo 28 ilikwenda wapi? Hilo ndilo swali langu leo. Ndani ya jibu lake kuna kila kitu ambacho fundi wa ndege anapaswa kukijua kabla hajaota kujenga chombo chake mwenyewe.

Turudi nyuma kwanza. Helikopta ya mashambulizi ni nini? Helikopta ya kawaida hubeba watu, na ukitaka unaifungia bunduki mlangoni. Wamarekani walifanya hivyo Vietnam, wakaona hasara yake: ni pana, ni nzito, inalengwa kirahisi. Mwaka 1965 kampuni ya Bell ikarusha Cobra. Tumbo lake halikufika mita moja kwa upana. Watu wawili, mmoja nyuma ya mwenzake: mmoja anaendesha, mmoja anapiga. Hakuna abiria, hakuna mizigo, kila kilo ni ya silaha, ya mafuta au ya kumlinda rubani. Warusi walishika njia yao. Mi-24, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1969, ilipewa silaha nzito lakini ikabaki na chumba cha kubebea askari wanane. Matoleo ya kwanza yalikuwa na chumba kipana cha vioo ambamo rubani hakuona vizuri. Toleo la Mi-24D ndilo lililoleta viti viwili vya kufuatana, kila kimoja na kioo chake cha mviringo. Likaja la V, likaja la P lenye mzinga wa milimita 30 ubavuni. Mnaona jinsi herufi zinavyokwenda? Kila herufi ni somo ambalo mtu alilipata, mara nyingine kwa damu.

Na Afrika Kusini? Novemba 1977 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 418: hakuna nchi kuiuzia Afrika Kusini silaha. Serikali ya makaburu ilikuwa vitani Namibia na Angola. Marubani wake walikuwa wakitumia Alouette III, helikopta ndogo ya Kifaransa, na mzinga wa milimita 20 ukitokeza mlangoni. Ng'ambo ya mstari, Waangola walikuwa wakipokea Mi-24 kutoka Moscow. Makaburu walitaka helikopta ya kweli ya mashambulizi, na hakukuwa na wa kuwauzia.

Hapa nataka niseme wazi, tena nikiwa Morogoro. Rooivalk ilibuniwa na utawala dhalimu kwa ajili ya vita vya dhuluma. Hatulipambi hilo. Mazimbu ipo hapa hapa, kilomita chache kutoka tulipokaa. Pale ndipo Tanzania ilipowapa ANC ardhi wakajenga shule, wakaiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Mwaka 1984, wakati wahandisi wa kampuni ya Atlas wanaanza kuchora helikopta hii, watoto wa wakimbizi walikuwa wakisoma hesabu Mazimbu. Wahandisi wale na watoto wale walikuwa pande mbili za vita kimoja. Ndiyo maana Chanzu inanigusa. Chombo kilichochorwa kwa ajili ya kuzipiga nchi za mstari wa mbele kilikuja kupigana upande mmoja na wanajeshi wa Tanzania, chini ya bendera ya buluu. Walioishi miaka ile, nani kati yenu angeliamini?

Sasa tuingie kazini. Unaanzaje kujenga helikopta ya mashambulizi wakati hujawahi kujenga helikopta yoyote? Atlas walianza na walichokuwa nacho. Walichukua Alouette III, wakaivua mwili wake, wakaipa mwili mwembamba wa viti viwili vya kufuatana na mzinga chini ya pua. Waliiita Alpha. Ndiyo ile iliyoruka Februari 1985. Alpha haikukusudiwa kwenda vitani. Ilikuwa ya kujibu maswali: je, mzinga unaweza kufuata jicho la mpigaji? Je, bodi itastahimili mtikisiko wa risasi? Je, mafundi wetu wanaweza kuunganisha vitu hivi vikakubali kuruka?

Alpha ikajibu. Lakini ilikuwa ndogo, na injini yake haikuwa na nguvu za kubeba silaha zilizotakiwa. Wakachukua helikopta nyingine ya Kifaransa, Puma, wakazifanya mbili kuwa maabara ya kuruka: wakazifungia mabawa mafupi, roketi, mzinga na vifaa vya kulengea. Ukoo huo wa Puma, hasa mdogo wake Super Puma, ndio uliowapa mioyo ya Rooivalk: injini mbili za Makila, giaboksi, na panga kuu la juu lenye mabapa manne. Fundi wa gereji anayejenga gari jipya kwa injini na giaboksi ya gari analolijua kuliko anavyomjua mke wake, anaijua siri hii. Usibuni kila kitu kwa pamoja. Bodi ilikuwa mpya, mfumo wa silaha ulikuwa mpya, lakini kile kinachokushikilia angani kilikuwa kimeshazoeleka.

Ukitazama Rooivalk kwa karibu unaona fikra za watu waliojua porini kukoje. Ina magurudumu matatu, moja likiwa mkiani, na miguu imara ya kutua mahali pabaya. Moshi wa injini unachanganywa na hewa baridi kabla ya kutoka, ili kombora linalofuata joto lisiione kwa urahisi. Na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote: ilibuniwa ihudumiwe mbali na kambi kwa muda mrefu kwa msaada mdogo tu, yaani helikopta moja ya usafiri wa kati yenye vipuri vya msingi, na mafundi wanne. Wanne! Vijana, mbunifu aliyeandika sharti hilo alimheshimu fundi.

Nakuja kwenye tarehe ya pili. Rooivalk ya kwanza yenyewe ilitolewa kiwandani tarehe 15 Januari 1990, ikaruka mara ya kwanza tarehe 11 Februari 1990. Wazee, tarehe 11 Februari 1990 kulikuwa na nini? ... Naam. Nelson Mandela alitoka gerezani. Siku ile ile.

Fikirini. Siku ambayo helikopta ya makaburu inaruka kwa mara ya kwanza, dunia iliyoizaa inaanza kubomoka. Mwezi uliofuata, tarehe 21 Machi, Namibia ikawa huru. Vita vya Angola, kwa upande wa Afrika Kusini, vilikuwa vimekwisha. Fedha za jeshi zikakatwa. Chombo kikawa tayari, na kazi yake ikawa imeondoka. Mimi nafurahi kwamba kazi ile iliondoka, na sina shaka nanyi mnafurahi. Lakini wahandisi wakabaki na swali gumu: tunaendelea kwa ajili ya nani?

Waliendelea, polepole. Ile ya kwanza, iliyoitwa XDM, ilikuwa ya kuthibitisha kwamba inaruka inavyopaswa. Ya pili, ADM, iliyoruka Mei 1992, ilikuwa ya elektroniki na silaha: skrini badala ya saa za mishale, na mfumo wa kulengea. Ya tatu, EDM, iliyoruka Novemba 1996, ndiyo iliyokaribiana na zile za kiwandani. Mtu akiniuliza kwa nini tatu na si moja, nitamjibu kwamba maswali matatu makubwa huwezi kuyajibu kwa chombo kimoja. Ukibadilisha mabapa na kompyuta na mzinga siku moja, kisha chombo kikatikisika, utajuaje kilichokitikisa?

Mwaka 1996, serikali mpya ya kidemokrasia ikaagiza Rooivalk. Ngapi? Kumi na mbili.

Kumi na mbili. Naomba namba hiyo muishike, maana hapa ndipo miaka mingi ilipopotelea.

Tazameni Apache ya Marekani. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1975, na jeshi likaanza kuipokea mwaka 1984. Tarehe 17 Januari 1991 Apache za toleo la A zilipiga rada za Iraq na kufungua vita vya Ghuba. Wakajifunza. Ikaja D, na ile rada iliyokaa kama tufe juu ya panga, inayoona vifaru kupitia moshi na vumbi. Machi 2003 karibu na Karbala, takriban Apache 30 zilivamia kikosi cha Iraq usiku, zikapokelewa kwa risasi kutoka kila paa la nyumba. Moja ilianguka na marubani wake wawili wakatekwa, na karibu zote zilizorudi zilirudi na matundu. Wakajifunza tena, wakabadilisha namna ya kushambulia. Ikaja E, yenye injini za nguvu zaidi na mabapa mapya. Apache zilizojengwa ni zaidi ya 2,000. Kosa likigunduliwa kwenye moja, gharama ya kulirekebisha inagawanywa kwa 2,000. Kwa Rooivalk inagawanywa kwa 12. Mhandisi wa Afrika Kusini na mhandisi wa Arizona wanaweza kuwa na akili sawa, elimu sawa, bidii sawa. Hesabu ya kugawanya haiwahurumii.

Ndiyo maana walihangaika kuuza. Uingereza ilikuwa ikitafuta helikopta. Rooivalk ikaingia mashindanoni, na mwaka 1995 Waingereza wakachagua Apache. Malaysia ilionyesha nia, msukosuko wa fedha wa Asia ukaizima. Uturuki ikaifikisha mpaka hatua ya mwisho, pamoja na Mangusta, helikopta ya Waitalia, na mwaka 2007 Waitalia wakashinda. Leo Uturuki inajenga T129 kutokana na Mangusta ile, na imeuza nje. Kila mnunuzi alikuwa na swali moja la haki kabisa: nikinunua, nani mwingine anayo? Vipuri nitavipata kwa nani miaka 20 ijayo? Kwa chombo chenye ndugu 12 peke yake, jibu ni gumu.

Mei 2007, baada ya pigo la Uturuki, kampuni ya Denel, ambayo ndiyo mrithi wa Atlas, ilitangaza kwamba inaacha kuiendeleza. Zilikuwa zimebaki 11. Moja iliharibika kwenye ajali mwaka 2005 kiasi cha kutotengenezeka. Zilikuwa zimeingia kwenye Kikosi namba 16 huko Bloemspruit, nje ya Bloemfontein, tangu mwaka 1999, na bado zilikuwa hazijaruhusiwa kwenda vitani. Miaka minane kikosini bila ruhusa ya vita! Wengi waliandika kwamba hadithi imekwisha.

Haikuisha. Novemba mwaka huo huo Waziri wa Ulinzi, Mosiuoa Lekota, aliliambia bunge lao kwamba zitatengwa randi milioni 962 kwa miaka mitatu ili helikopta hizi zikamilishwe, na kwamba zitapelekwa kulinda amani. Kutokana na fedha hizo likazaliwa toleo la Mk 1. Msitegemee kusikia maajabu. Walirekebisha kasoro za mzinga. Waliboresha giaboksi. Waliboresha jicho la kulengea lililo puani. Mambo ya fundi, mambo ya kukaza na kupima, yasiyoandikwa magazetini. Aprili 2011 zile za kwanza tano zikakabidhiwa jeshini.

Ndugu zangu, hapa ndipo natofautiana na wanaosimulia historia ya ndege kwa tarehe za kuruka mara ya kwanza. Siku ya kuruka kuna bendera na wapiga picha. Lakini helikopta iliyoruka mwaka 1990 haikuweza kumsaidia mwanajeshi yeyote. Ile ya 2011 iliweza. Tofauti kati yao ni miaka 21 ya kazi ya watu ambao majina yao hayajulikani.

Turudi Kivu. Novemba 2012 M23 waliiteka Goma. Tarehe 28 Machi 2013 Baraza la Usalama likapitisha azimio 2098, likaunda ile brigedi ya kushambulia, jambo ambalo Umoja wa Mataifa haukuwa umelifanya kwa namna ile. Mwezi wa nane ikapigana kaskazini ya Goma, na Tanzania ikapoteza watu. Wakati huo walinda amani walikuwa na Mi-24 zilizoletwa na Ukraine. Rooivalk tatu zilifika baadaye, na mapambano ya mwisho yalizikuta tayari.

Na mahali penyewe ni pagumu. Goma iko mita 1,500 juu ya bahari, na vilima vinapanda kutoka hapo. Hewa nyembamba humnyima panga kitu cha kushika na huinyima injini pumzi. Mnakumbuka Agosti 2012, Mi-24 tatu za Uganda zikielekea Somalia zilivyoanguka Mlima Kenya, na askari wakafa? Milima haimjali rubani wala mtengenezaji. Rooivalk ilibuniwa tangu mwanzo kwa joto na kwa nchi ya juu, na nyumbani kwake Bloemfontein ni karibu mita 1,400. Sharti lililoandikwa kwa ajili ya vita vibaya miaka ya themanini lilikuja kufaa kwa kazi njema. Kule Chanzu ilikuwa na roketi za milimita 70 na ule mzinga wa milimita 20 uliowasumbua mafundi kwa miaka.

Sitaki mtu atoke hapa akisema Rooivalk peke yake iliwashinda M23. Si kweli. Askari wa Kongo walipanda vilima vile kwa miguu. Mizinga ilipiga. Siasa za kanda zilibadilika. Lakini askari aliyelala kifudifudi chini ya kilima, akiwa anapigwa kutoka juu, anajua sauti ya helikopta yake ina maana gani.

Anajua pia kutokuwepo kwake kuna maana gani. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Semuliki, wilaya ya Beni, ilishambuliwa kwa saa nyingi. Tanzania ilipoteza wanajeshi 15. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulitaja upungufu mwingi: hakukuwa na mpango wa kweli wa kuwaongezea nguvu wala kuwaondoa, uongozi ulikuwa na kasoro, na vilikosekana vitu muhimu, na cha kwanza kilichotajwa katika vitu hivyo ni usafiri wa anga. Ninapozungumza kuhusu helikopta 12 badala ya 40, kuhusu vipuri na kuhusu bajeti ya matengenezo, sizungumzi habari za wapenzi wa ndege. Nazungumza kuhusu usiku ule.

Na leo? Denel imepita katika miaka migumu sana ya fedha, iliwahi kushindwa kulipa mishahara kwa ukamilifu, na wahandisi wake wamesambaa duniani. Helikopta zinazoweza kuruka kati ya zile 11 ni chache. Toleo la Mk 2 lilitangazwa mwaka 2018, kwa matumaini ya kupata nchi washirika wa kugawana gharama. Halijajengwa. Washirika ndio waliokosekana, kama walivyokosekana wanunuzi mwaka 1995 na 2007. Bara lenye majeshi zaidi ya 50 linanunua helikopta zake Moscow, Paris na Marekani, kila nchi peke yake, mbili mbili, nne nne, kila moja na vipuri vyake na mafundi wake wa kukodi. Nimelitafakari hili kwa muda mrefu na linaniuma. Mk 2 haikuhitaji wanunuzi 2,000. Ingelipata nchi tano za Afrika zenye kuagiza nane kila moja, hesabu ile ya kugawanya ingebadilika kabisa.

Niishie hapo, maana naona mikono imeshaanza kuinuka kule nyuma. Naomba tuanze na wazee waliokuwa Kivu mwaka 2013, kama wapo. Wanafunzi mtafuata, na yule aliyeniuliza mlangoni kuhusu giaboksi ya Puma aje mbele, mchoro wake ninao.